Mlango wa Upande wa Mama

Jumapili ile mshona sare alikuwa jikoni akisuuza vyombo vya mchana kaka yake alipoaga kwa sauti ya mtu mwenye haraka zake. Akamjibu, "Haya kaka, wasalimie nyumbani," bila kugeuka. Akasikia gari likiwashwa, likirudi nyuma, kukawa kimya kidogo, kisha gari likaondoka. Alipotoka kumwaga maji alilikuta gari lake mwenyewe, lililoegeshwa kando ya ukuta tangu juzi bila kumkosea mtu, limeingia bonde kwenye mlango wa mbele, upande wa abiria. Bonde lilikuwa na ukubwa wa sinia. Chini palikuwa na vipande vyekundu vya taa ya nyuma, na taa zake yeye zote zilikuwa nzima.

Alivuta kitasa, mlango ukagoma. Akaweka kiganja juu ya bonde na kuona lina joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Akafuta mikono kwenye kanga akaingia ndani.

Mama yake alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda.

"Mama, umemwona aliyetugonga?"

"Kwa macho yangu haya, mwanangu?" mama alisema, huku akitazama pazia. "Nitaona nini?"

Mguu ule ndio uliokuwa na neno. Tangu mama ateleze bafuni, goti lilikuwa limekataa kukunjika, na kila wiki mshona sare alifunga cherehani yake mapema ili ampeleke hospitali kufanyishwa mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amewaambia bila kuzunguka kwamba goti likiachwa litaganda, na likishaganda mama atakuwa mtu wa kulala na kugeuzwa. Sasa, mahali pekee ambapo mguu ulionyooka kama mwiko unaweza kukaa ni kiti cha mbele cha lile gari, kikiwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Teksi walishaijaribu, ikawa ya chini mno, na ilibidi wanaume wawili wamvute mama kutoka ndani huku akiomba radhi kwa uzito wake. Kwa hiyo mlango ule haukuwa mlango tu. Ulikuwa miguu ya mama.

Wa kwanza kupita alikuwa jirani wa nyumba ya pili, muuza mitumba, na mzigo wake kichwani.

"Jamani, nani kakufanyia hivi? Pole sana."

Bati likalia ti, kama kifuniko cha kopo, na ukingo wa bonde ukapanda kidogo. Jirani akalitazama.

"Kumbe ni la namna hiyo," alisema. "Basi ngoja nikuitie wenzangu."

Wakaja. Kinyozi alikuja na mteja wake aliyenyolewa nusu, wakaja na wanakwaya waliokuwa wakirudi mazoezini, nao walisema pole kwa sauti nne. Akaja mtu aliyekuwa anatafuta nyumba nyingine kabisa. Akaulizwa, akasema pole, akaelekezwa njia. Hata mwenye nyumba alitoa yake, na pole ya mwenye nyumba si kitu cha kupatikana kila siku. Kila pole ilipotoka bati lililia ti, na bonde likapungua, hadi jua lilipokaribia kuzama likawa limebaki kama kisosi. Hapo likakwama. Wanakwaya walirudia tangu mwanzo, lakini wapi. Mlango ulikuwa bado umegoma.

"Zetu zimeishia hapo," muuza mitumba alisema. "Sisi ni wapita njia. Hilo lililobaki ni la mwenyewe, na mwenyewe hasemi pole. Mwenyewe anasema nisamehe."

Watu wote wakatazama vile vipande vyekundu, kisha wakatazamana, kisha wakakumbuka wameacha vyungu jikoni. Mtaa mzima uliijua ile taa, na hakuna aliyetaka kuwa mdomo wa kwanza.

Kaka yake mshona sare alikuwa mtahini wa madereva. Ndiye aliyekaa kwenye kiti cha abiria na ubao wa kuandikia mapajani, uso umekaza, huku mtu mzima mwenye ndevu akitetemeka kwenye usukani. Anayegusa koni alishindwa. Anayerudi nyuma bila kugeuza shingo alishindwa, hata kama alikuwa hajagusa kitu. Alikuwa amewaangusha wachungaji, wakwe na daktari aliyemfanyia upasuaji wa ngiri. Hakula rushwa na hakumwonea mtu, hilo tumpe haki yake. Ila mkuki kwa nguruwe, wanasema. Ukigeuziwa wewe ndipo unapojua una ncha.

Kesho yake mshona sare alilipeleka gari kwa fundi wa kunyoosha bodi. Fundi alipiga nyundo kwa nje akapiga kwa ndani, na kila alipoinua mkono kuona kazi yake, bati lilirudi pale pale lilipokuwa. Hakukasirika. Alifungua mlango wote bawabani, akaleta mwingine mweupe kutoka kwenye gari la aina ile ile, akaufunga kwenye gari la bluu, akaujaribu kufungua na kufunga, ukaitika vizuri. Asubuhi iliyofuata mlango mweupe ulikuwa na bonde la kisosi mahali pale pale, nao umegoma kama mwenzake. Ule wa zamani, uliobaki umeegemezwa ukutani gereji, ulikuwa umenyooka mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake.

"Ule wa zamani nimeshauuza, dada," fundi alisema alipoitwa aje kuona. "Huu sitaki hata ujira wake. Mimi nanyoosha bodi. Kaka za watu siwezi kuwanyoosha."

"Kaka yangu ameingiaje hapa?"

Fundi akajikuna shingo. "Kaleta gari lake jana nimbadilishie taa ya nyuma. Anasema kuna mjinga kamgonga akiwa ameegesha."

Mshona sare alicheka, na hakujua anacheka nini. Hakuwa ameumizwa na ile ajali, ajali ni ajali. Aliumia kwamba kaka yake alichukua hata ule unyonge wa kugongwa, akaujivika yeye.

Alimkuta kwenye uwanja wa mitihani, amesimama katikati ya koni, ubao wake kwapani. Watahiniwa walikuwa wamejipanga kwenye benchi, kila mmoja akinong'ona kanuni zake. Aliegesha nje ya geti, mlango mweupe ukielekea uwanjani.

"Nimesikia, mdogo wangu," kaka alisema kabla hajafikiwa. "Pole sana. Madereva wa siku hizi, sijui nani anawapa leseni."

Kule nje bati likalia, safari hii kwa sauti nzito. Bonde likaingia ndani kidogo.

"Kaka, mama hawezi kuingia kwenye gari. Zamu ya mazoezi ni keshokutwa."

"Ndiyo maana nakwambia pole."

Bati likalia tena. Watahiniwa wote waligeuza shingo, kama walivyofundishwa.

"Sijaja kutafuta pole," mshona sare alisema. "Pole ninazo mtaa mzima. Sema lile jingine. Sema tu, hata kwa kunong'ona, na mimi sitalitaja tena mpaka naingia kaburini."

Kaka yake akautazama mlango. Lilikuwa bonde la sinia tena, lote lilivyokuwa Jumapili. Kwa kitambo kidogo dada yake alimwonea huruma ya kweli, maana nyuma yake palikuwa na benchi la watu, na nyuma ya benchi watu wote aliowahi kuwaangusha kwa kosa dogo kuliko hilo. Ukiwa umesimama juu namna ile, neno dogo linakuwa ngazi ndefu sana ya kushukia. Midomo ikafunguka.

"Nitamtuma mtu alete mlango mwingine," alisema. "Mpya. Wa dukani." Akageuka, akaita anayefuata.

Jioni, mama akiwa amesinzia, mshona sare alitoka akasimama mbele ya gari, akafanya kile alichokizoea tangu utotoni. Kaka yake alipovunja kioo cha watu kwa mpira, yeye ndiye aliyetumwa kuomba radhi, kwa kuwa ni mdogo na hawatampiga. Alipopoteza daftari la mwenzake ikawa hivyo hivyo, na alipomtukana shangazi ikawa hivyo hivyo. Neno lile alilijua lilivyo zito na alijua kulibeba. Akaliambia bati, taratibu, "Nisamehe."

Bonde halikusogea. Ila upande wa pili, kwenye mlango wake mwenyewe, mlango wa dereva, palilia ti, na alipozunguka kutazama alikuta kijibonde kipya, kidogo, cha kutosha kidole gumba. Akakigusa. Kilikuwa na joto. Hakurudia tena.

Siku ya mazoezi ilipofika aliazima kiti cha magurudumu, akamsukuma mama hadi kwenye gari. Walijaribu mlango wa dereva. Mama aliingiza mguu mzuri kwanza, akakaa, akasukumwa, na ule mguu mgumu ukakwama kwenye gia. Mama hakupiga kelele, lakini jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu, na mwanawe akasema basi, basi mama, tuache. Akamrudisha kwenye kiti cha magurudumu, akachuchumaa mbele yake na kulia waziwazi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kamasi zikimtoka.

"Mwaka mzima nakupeleka peke yangu," alisema. "Sijamwomba aje. Sijamwomba hata mafuta. Namwomba neno moja."

Mama alimwekea mkono begani. Kisha akasema, "Nilimwona."

"Nani?"

"Si unamjua? Nilikuwa dirishani. Alishuka, akatazama mlango, akainua macho, tukaonana. Nikafunga pazia."

Mshona sare akainua uso.

"Alikuwa ananisubiri mimi, nadhani," mama aliendelea. "Ningemwita hapo hapo angekuja. Lakini nilimzoesha hivyo tangu akiwa mdogo, kwamba mimi nafunga pazia na wewe unakwenda kwa majirani. Yake siwezi kumwombea, yake ni yake. Mimi, mwanangu, nisamehe la pazia."

Mlango ukafunguka. Haukulia wala kutetemeka. Kitasa kiliachia tu na mlango ukajitoa wenyewe, kama ulikuwa umechoka kusimama. Bonde lilibaki vile vile, ukubwa wa sinia, halikupungua hata ukucha.

"Nimekusamehe, mama," mshona sare alisema. Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akamshika mama kwapani, wakahesabu pamoja moja, mbili, hop. Mguu ukaingia, ukanyooka mahali pake. Kwa ndani bati lilikuwa limetokeza, likamsukuma mama ubavuni. Akajisogeza kidogo, halikumwacha, akatulia nalo.

Hawajafika barabara kubwa simu ikalia. Mshona sare akaibonyeza, sauti ya kaka ikajaa garini.

"Muuza mitumba ananiambia mlango umefunguka. Unaona sasa? Kitu kidogo tu, mlikikuza bure. Basi ule mpya sitautuma tena. Mama yupo?"

"Nipo," mama alisema.

"Umekaa vizuri?"

Mama aliweka mkono juu ya bati lililomkaa ubavuni. "Nimekaa," alisema. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwenda kumtazama mgonjwa, "Pole sana, mwanangu."

"Pole ya nini tena? Mimi sina tatizo lolote."

"Ndiyo hiyo hiyo," mama alisema, akanyoosha kidole na kukata simu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mwanawe huyo tangu simu zije.

Bonde lipo mpaka leo. Mvua ikinyesha kwa mshazari hukinga maji kidogo kwenye mkunjo wake wa chini, na shomoro wa mtaani hulijua. Mtahini bado anatahini, na hivi karibuni alimwangusha mpwa wa kinyozi kwa kutotazama kioo. Akija kuwatembelea huegesha mbali, kwenye kona, akatembea kwa miguu hadi mlangoni, akapita karibu na gari akiwa ametazama saa yake. Mama humpokea vizuri, humpa chai. Pazia huliacha wazi.

Siku ile mlango ulipofunguka walifika hospitali wakiwa wamechelewa kidogo. Mlinzi wa geti alizunguka gari, akausoma ubavu wake na kutikisa kichwa.

"Poleni jamani. Nani kawagonga hivi?"

Mshona sare alivuta pumzi ajibu kama kawaida yake, kwamba hata hawajui, walilikuta tu hivyo. Lakini mama alikuwa ameshashusha kioo.

"Mwanangu wa kwanza," mama alisema. "Tufungulie."