Wa Kwanza Kwenye Kompyuta

Cherehani ilifungwa kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi, ikalazwa chali kama mgonjwa anayekimbizwa zahanati. Jamaa aliyeinunua alitoka Didia, ana haraka. Paskalia akashika gurudumu la cherehani, akalizungusha nusu, akaachia.

"Inavuta uzi kushoto. Uikaze hapo."

"Nitajua mwenyewe, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Akaondoka. Barazani ikabaki moja, ile kuukuu yenye mkanda wa kuungaunga.

Hela hazikukaa hata mkononi. Innocent, kijana wa Mwanza, alikuwa anazisubiri palepale kwenye benchi, tai shingoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akazitia kwenye mkoba.

"Hapo umecheza, mama. Mwaka huu wa tisini na tisa mteja hatembei kutafuta fundi. Anakaa Dar, anakaa Ulaya huko, anaiuliza kompyuta: Kahama nani anashona mifuko ya sampuli? Kompyuta inamletea majina. Waliolipa kidogo wako chini, hakuna anayewafikia. Wewe umelipia juu. Wa kwanza kabisa."

Mifuko yenyewe haikuwa na maajabu. Kitambaa cha marekani nyeupe, kamba mdomoni, kitambaa kidogo cha kuandikia namba. Watafiti wa dhahabu wanaijaza udongo, unapelekwa maabara. Shimo moja linakula mifuko mia, na yote ilikuwa inatoka ng'ambo, wakati pamba imejaa Usukumani. Paskalia aliwahi kushona mitano ya mfano, mtafiti mmoja akasema inaishinda ya kwao. Kisha mtafiti akahamishwa. Basi, ikaishia hapo.

"Simu namba ngapi?" Innocent aliuliza, kalamu juu ya fomu.

"Sina."

"Bila simu jina halipandi, mama."

Pale senta simu ilikuwa moja. Waya uliletwa zamani kwa ajili ya jineri ya pamba. Jineri ikafa, mashine zikauzwa chuma chakavu, waya ukabaki, na sasa uliishia sebuleni kwa diwani Ngassa, kwenye gesti yake. Barua za watu zilipitia sanduku lake, habari za misiba zilipitia simu yake. Unaomba, unashukuru, unaondoka.

Wakamfuata huko gesti. "Andika yangu," Ngassa alisema, bila kuinuka kitini. "Simu ya diwani ni simu ya wananchi. Au vipi, Mama Agatha?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Asante. Asante sana."

Alishukuru mara mbili. Baadaye ile ya pili ndiyo iliyomchoma.

Akawa anapita gesti kila siku akitoka kisimani.

"Shikamoo, mheshimiwa. Kuna simu?"

"Marahaba. Hamna. Wazungu wako likizo."

Wiki nyingine: "Laini mbovu." Nyingine: "Wewe mama, ukiulizauliza utaitia simu mkosi."

Kamili, fundi suruali wa baraza ya pili, alicheka mpaka akatema pini. "Kauza cherehani kanunua namba moja! Namba moja ya wapi, foleni ya maji?"

Paskalia akainamia kazi yake. Alikuwa anatia viraka magunia, na hayo nayo yalikuwa haba. Bintiye Agatha alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule, hana sare.

Miezi mitatu ikapita. Akadandia lori la mkaa mpaka Kahama kununua uzi. Naznin, mwenye duka la vitambaa, akamvutia kigoda kwa mkono wake mwenyewe. Hajawahi.

"Kaa, Paskalia, kaa. Sasa wewe tajiri! Majora thelathini ya marekani mwezi mmoja. Mimi naagiza Dar mpaka wananiuliza, sanda zote hizo mnamzika nani?"

"Majora yapi?"

Naznin akaacha kucheka. Akamgeuzia kitabu cha stakabadhi. Mteja: Paskalia Mifuko. Mchukuaji: gari la diwani.

"Walisema umewatuma wewe. Wallahi, dada, mimi sikujua."

Uzi hakununua.

Uani kwa Ngassa kulikuwa na cherehani sita chini ya turubai, na wanawake sita, wote anawajua. Anisia, Paskalia ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Mifuko ilirundikwa mpaka dirishani, kila mmoja umepigwa muhuri wa wino wa bluu: PASKALIA. Ngassa alikuwa mlangoni na chai yake.

"Mheshimiwa, simu zangu."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Simu inalia kwangu, inalipiwa na mimi, zako zipi?"

"Jina ni langu. Nimelilipia."

"Na sisi tumekutunzia. Mzungu anapiga leo, anataka mifuko elfu mbili Ijumaa. Nimwambie asubiri nikufuate kisimani? Anakwenda Nairobi yule. Tazama, wanawake sita wanakula. Unataka walale njaa?" Akanyoosha kijiko. "Nafasi ya saba ipo. Leta cherehani yako. Shilingi thelathini kwa mfuko, kama wenzako."

"Nakwenda kambini kwa wazungu wenyewe. Nitawaambia mimi ndiye."

"Nenda. Getini watataka barua ya utambulisho, anaiandika mtendaji wa kata. Na muhuri wa mtendaji unalala humu ndani, maana ofisi yake haina kufuli."

Nje gari likapiga honi. Dereva wa kampuni ya dhahabu akaingia na karatasi, kizibao cha rangi ya chungwa.

"Namtafuta Paskalia. Asaini mzigo."

"Mimi," alisema Paskalia.

"Mimi," alisema Mbuke, mke wa diwani, nyuma ya mumewe, anafuta mikono kwenye kanga.

Dereva akawatazama. "Jamani, nimeambiwa Paskalia mmoja."

"Waulize hawa. Wananijua. Anisia, sema!"

Cherehani zikanyamaza. Anisia aliangalia sindano yake. Halafu akakanyaga pedali, ikalia. Ya pili ikafuata, ya tatu, zote.

"Mimi sina muda wa kesi," dereva alisema. Akatoka mpaka kwenye gari, akaongea na kambi kwa redio. "Pigeni ile namba sasa hivi. Atakayepokea ndiye."

Simu ikalia sebuleni.

Paskalia alikuwa ameshapiga hatua tatu. Ngassa hakuinuka. Alinyoosha tu mguu, akauegemeza kwenye fremu ya mlango, akapuliza chai.

"Haloo," Mbuke alisema ndani, sauti laini ya kanisani. "Ndiyo. Paskalia hapa."

Redio ya gari ikakoroma kwamba Paskalia amepokea. Dereva akatia tiki.

Anisia alifika mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno, akaupiga mfuko muhuri, akaurusha juu ya lundo.