Kangaga Juu ya Shati la Paulin

Mama Kasoki alikuwa na kichwa kigumu, tuseme tu ukweli. Boti ya kutoka Minova ilipozama na mume wake Paulin, ziwa halikumrudisha. Basi shemeji yake Barthélemy akashuka kutoka Butembo na wazee, wakafanya desturi ya kwao: wakavalisha kipande cha mgomba shati la marehemu, wakakizika badala ya mwili nyuma ya nyumba pale mtaani Katoyi, kivulini, kati ya ukuta wa mawe ya volkano na mparachichi.

"Sasa ulie, bibi yetu," Barthélemy akamwambia. "Usipolia, hatajua kama amekufa."

"Mimi nililie mugomba?"

Papo hapo, wazee wakitazama, akapanda kangaga juu ya lile kaburi, jani la msituni linalopenda kivuli na unyevu.

"Siku hili litakauka, ndiyo nitalia."

Masikini, hakujua kwamba kangaga la kivulini halikauki! Kiangazi kiliunguza maharage ya majirani wote, lenyewe likazidi kukunjua majani mapya, mgomba ukiozea chini na kulilisha. Na Paulin akaanza kurudi. Mchana kweupe zilionekana nyayo zenye maji kwenye sakafu ya sima, toka mlango wa nyuma hadi kiti chake. Unadhani Kasoki aliogopa? Alifurahi! Akawa anamwekea sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo. Majirani wakinong'ona, yeye anacheka.

Mpaka siku binti yake mdogo, Héritière, alipoingia jikoni nywele zikichuruzika maji.

"Mama, papa anasema kesho tutaenda naye ku ziwa. Mimi na yeye tu."

Kasoki alikimbilia nyuma ya nyumba na jembe, aling'oe lile kangaga, lakini mikono ikakataa. Akaelewa kwamba aliyemshikilia Paulin hapo nyumbani si kangaga bali yeye, na kile kichwa chake kigumu. Akatupa jembe, akapiga magoti.

"Paulin, umekufa," akasema. Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo. Kilio kikamtoka, kilio alichokikalia miezi yote ile, hadi majirani wakaja mbio.

Héritière alikuwa amesimama kando yake, macho kwenye geti.

"Mama, papa iko ku geti. Anauliza kama unamufukuza."

Kasoki alishindwa kuinua uso.

"Umwambie ndiyo."