Bi Fasiri na Lugha Tisa za Shirikani

Katika jimbo la Ukunjufu, pale Mto Rehema unapopunguza kasi kabla ya kuingia tambarare, umesimama mji mkuu uitwao Shirikani, ambao ukubwa wake humchosha farasi na uzuri wake haumchoshi mtazamaji. Makabila tisa yaliuhamia kwa nyakati mbalimbali, wala hakuna hata moja lililotakiwa kuacha lugha yake langoni. Mgeni hakuulizwa alikotoka. Aliulizwa anajua kupika nini, na jibu lake likamwonyesha mtaa wa kufikia. Sokoni harufu ya mkate wa mtama ilipakana na ya mchuzi wa tende, na siku za ibada adhana, kengele na ngoma zilipeana nafasi kwa adabu, kama watu waliokutana mlangoni.

Ada tukufu kuliko zote ilikuwa ya Uwanja wa Masikio, ambako kila tangazo la serikali lilisomwa kwa lugha zote tisa. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Fasiri binti Uaminifu, mwanamke wa makamo, mwembamba wa umbo na mpana wa maarifa. Baba yake alikuwa mhunzi na mama yake msusi wa mikeka, kila mmoja na lugha yake. Zile saba nyingine alizipata kwa majirani.

Ikatokea kwamba jimbo lilipata liwali mpya, Mkato bin Haraka, mtu mwadilifu katika mengi ila asiyeweza kungoja. Alipomsikia Bi Fasiri akirudia tangazo la kuzibua mitaro mara tisa, aliamuru serikali iseme kwa lugha ya baraza peke yake, lugha ambayo wengi wa mitaa ya pembeni waliijua kwa salamu tu, na atakayefasiri neno la serikali ashtakiwe.

"Mji ni mmoja," alisema, "na sauti yake iwe moja."

Bi Fasiri aliinamisha kichwa, akaenda nyumbani kusuka mikeka.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili tangu amri hiyo, mapipa ya dawa ya kulainishia ngozi za wanyama yalipasuka kando ya mto, sumu ikaingia majini. Mpiga mbiu alipita akitangaza, kwa lugha ya baraza, kwamba maji yasinywewe kwa siku tatu. Kutoka dirishani Bi Fasiri aliwaona wanawake wa Udongoni, mtaa wa wafinyanzi, wakimpungia mpiga mbiu mkono kwa heshima, kisha wakijitwika mitungi kuelekea mtoni. Aliutupa mkeka, akakimbia bila viatu, akawapigia kelele kwa lugha yao, kisha akaenda mtaa hadi mtaa. Alikamatwa adhuhuri katika mtaa wa nane, na askari aliyemkamata alimwacha kwanza amalizie sentensi.

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Makini, na Liwali mwenyewe akawa mshitaki. Alimleta shahidi mmoja, mfinyanzi mzee aitwaye Bibi Ithibati. Bibi akala kiapo kwa ishara, akafungua kinywa, akanena kwa kilugha cha Udongoni. Si Hakimu wala Liwali aliyemwelewa.

"Nani atatufasiria?" aliuliza Hakimu.

Liwali alitazama huku na huku. "Yuko mmoja tu, Mheshimiwa. Ni mshtakiwa."

Bi Fasiri alisimama. Alijua kwamba angeweza kusema lolote, na hapana ambaye angembishia.

"Shahidi anasema alinisikia kwa masikio yake nikilifasiri tangazo la serikali," alisema. "Anasema hana shaka kuwa ni mimi."

"Umejitia hatiani mwenyewe," alisema Hakimu.

"Ndivyo alivyosema, Mheshimiwa. Sina haki ya kumpunguzia maneno."

Bibi aliendelea kunena, lakini Bi Fasiri akanyamaza.

"Mbona kimya?"

"Yanayofuata yananisifu. Naona haya kuyatamka."

"Yatamke."

"Anasema alikuwa amekwisha kumpa mjukuu wake wa kike kata ya maji yaliyotekwa mtoni asubuhi ile, naye ameiinua, ndipo waliponisikia, wakayamwaga. Anasema mbuzi aliyekunywa yaliyomwagwa alikufa kabla ya jioni."

Liwali aliuliza, kwa sauti iliyopungua, "Nitajuaje kwamba hayo amefasiri kweli?"

"La kwanza lilimdhuru," alijibu Hakimu, "nawe ulilisadiki papo hapo."

Liwali alikaa kitako, na kwa mara ya kwanza tangu aje Shirikani, hakuharakisha kusema. Hatimaye aliinuka, akaifuta kesi na amri yake pamoja. Kisha akamsogelea Bi Fasiri.

"Kwa lugha yake," alinong'ona, "mtu huombaje radhi?"

Bi Fasiri akamwambia. Liwali alimgeukia Bibi Ithibati akalitamka neno lile. Bibi alikunja uso, akamsahihisha. Akalitamka tena; akasahihishwa tena. Baraza zima lilingoja. Mara ya tatu Bibi alitikisa kichwa kukubali, akamsogezea nafasi kwenye benchi, na Liwali akaketi.