Pazia Walipoanza Kupiga Kelele

Kabla ya mambo kuharibika, Pazia walikuwa bendi ya watu watatu ambayo muziki wake ungeweza kumlaza mtoto mwenye homa. Mwimbaji wao, ambaye wenzake walimwita Pamba kwa ulaini wa sauti yake, aliimba kama mtu anayenong'onezana na mto wake. Kaka yake mkubwa, Spana, alikaa nyuma ya meza iliyojaa vinanda vya umeme na visanduku alivyoviunda mwenyewe, akitoa milio mirefu, mipole, kama maji yanayojaa ndooni. Wa tatu alikuwa Msusi, ambaye mchana kutwa alisuka watu nywele saluni, na jioni akapiga ngoma za umeme kwa vidole vilevile. Hawakuwa na jina kubwa, lakini walikuwa na watu wao, waliokuja kwenye kumbi ndogo kukaa na kusikiliza wamefumba macho.

Kazi iliyomlisha Spana ilikuwa ufundi wa lifti. Siku moja alikuwa ndani ya lifti ya jengo la ofisi, peke yake, akiijaribu baada ya matengenezo, lifti ikaachia. Ilishuka ghorofa kadhaa kabla breki za dharura hazijazing'ata reli. Wenzake walimtoa kupitia kidirisha cha juu, hana hata mkwaruzo. Mama yao alilia, akamshukuru Mungu, na ndugu wote wakasema yaliyopita si ndwele.

Ila hayakuwa yamepita.

Mazoezi walifanyia kwenye stoo nyuma ya karakana ya fundi makochi, kuta zimezibwa kwa magodoro chakavu. Siku ya kwanza Spana kurudi mazoezini, alikuja na bati zito la chuma, akalitundika kwa mnyororo, akalibandika maiki ndogo kama mtu anayebandika plasta, na waya wake akauchomeka kwenye amplifaya mbili. Kisha akachukua tupa, ile ya kunolea vyuma, akaikokota juu ya bati.

Pamba hakuanza kuisikia sauti ile masikioni. Aliisikia kifuani, halafu kwenye meno. Ilikuwa kama chuma kinacholia kwa uchungu, na kilikuwa hakipumui. Vinyweleo vilimsimama. Alijikuta amerudi nyuma hadi mgongo umegusa godoro, maiki yake ameikumbatia kama mtu aliyeokoa kitu kwenye moto.

Msusi aliuliza kama ule ni muziki au wanasaga mifupa. Spana hakucheka. Alisema hivyo ndivyo nyimbo zao zitakavyokuwa, na asiyetaka aseme. Hakuna aliyesema. Walikuwa bado wanamwonea huruma.

Wiki zikapita, na kelele ikazidi. Spana aliongeza spika, akaongeza visanduku vya kuikwaruza sauti, hadi ukitoka pale ulisikia masikio yanavuma mpaka kesho yake. Sauti ya Pamba ilipotelea humo kama chumvi baharini. Lakini lililomtisha zaidi ni kwamba nyimbo zilikuwa hazina mwisho. Spana alikokota tupa, macho kayatoa, jasho linamtiririka, mpaka Msusi achomoe waya ukutani. Na kila ulipochomolewa, Spana alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi, akakimbilia kuwasha chochote kilichokuwa karibu: feni, redio, hata mashine ya kukaushia nywele ya Msusi. Fundi makochi aliwatahadharisha kuwa ngoma ikivuma sana mwisho hupasuka. Pamba hakujua ni ngoma gani itapasuka kwanza, masikio yao au kaka yake.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Mama alimwambia Pamba kwamba kaka yake analala redio ikiwa imewashwa pasipo na stesheni, inakwaruza tu usiku kucha, na mama mwenyewe akiizima, Spana anaamka akitetemeka. Alimwomba amwangalie. Pamba akaitikia, na tangu hapo akawa mazoezini akimchungulia kaka yake kama mtu anayechungulia chungu kinachochemka.

Asubuhi moja Pamba alimpelekea kaka yake funguo alizosahau nyumbani. Kazini kwao, fundi mwenzake, mzee mwenye masharubu, akashangaa. Alisema Spana ameomba ruhusa, na kwamba tangu ajali hajaingia kwenye lifti yoyote. Anapanda ngazi hata jengo liwe refu vipi. Halafu mzee akashusha sauti, akasema amesikia kwamba anaonekana kule kwenye jengo lenyewe la ajali.

Pamba alikwenda huko moja kwa moja. Alipanda ngazi za jengo lile hadi ghorofa ya juu kabisa, akatokea kwenye korido tupu yenye harufu ya grisi. Milango ya lifti ilikuwa imefunguliwa kwa ufunguo wa mafundi, na nyuma yake hapakuwa na lifti, kulikuwa na giza. Kaka yake alisimama ukingoni mwa shimo, ameinama ndani. Mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Mwingine unateremsha kitu gizani.

Pamba alitaka kumwita, akajizuia. Akiita, atashtuka. Akishtuka, ataanguka. Akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa, akaanza kusema kwa ile sauti yake ya pamba.

"Kaka, ni mimi. Niko nyuma yako. Usigeuke haraka."

Ndani ya shimo, kamba za chuma zilitikisika. Lifti ilikuwa inatembea mahali fulani chini.

"Shika fremu kwa mikono miwili," akasema Pamba. "Halafu rudi. Taratibu."

Akarudi. Kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa waya, na mwisho wa waya kulikuwa na maiki. Pamba alimvuta shati mpaka akakaa karibu naye, akamshikilia asimwachie.

"Ulitaka kujirusha?"

"Hapana. Naitafuta ile sauti. Kwenye bati siipati sawasawa."

"Unaitakia nini, kaka, sauti iliyotaka kukuua?"

Spana akaukunja waya mkononi. "Haikutaka kuniua. Breki zilipokuwa zinalia, nilijua zinashika. Zilipokoma ndipo nilipoogopa. Kimya, lifti inaning'inia, na mimi sijui kama inashika au inaachia. Mdogo wangu, mimi bado nimo humo. Mkichomoa waya, nimo humo."

Pamba alifunga ile milango mwenyewe. Jioni alimsimulia Msusi yote. Walitaka kufuta onyesho lililokuwa limeshatangazwa, lakini Spana aliwasihi. Alisema akiinyima nafasi ile sauti ataharibikiwa kabisa. Wakakubali, ingawa roho ya Pamba haikuridhia.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa watu wao wa zamani. Jua lilikuwa halijazama vizuri. Wengine walikuja na wazazi wao. Spana alipokokota tupa juu ya bati, na spika kubwa za ukumbi zikaipokea ile sauti, Pamba aliona nyuso zikibadilika safu kwa safu. Mtu mmoja aliziba masikio, akacheka kidogo, akaacha kucheka. Mwanamke akamvuta mama yake nje. Viti vilianza kuachwa wazi, na Pamba, amesimama mbele ya kelele iliyomsukuma mgongoni kama mkono, aliimba maneno ambayo hata yeye hakuyasikia. Aliogopa waliokuwa wanaondoka, akaogopa waliobaki. Zaidi ya wote alimwogopa mwangalizi wa ukumbi, ambaye alikuwa anapita katikati ya viti akipunga mikono, akielekea kwenye swichi kuu.

Kabla Pamba hajamfikia kumzuia, umeme ulizimwa. Taa, spika, ngoma za Msusi, vyote vikafa kwa pamoja, na ukumbi ule usio na dirisha ukawa giza.

Katika giza lile Pamba alisikia meza ikisukumwa. Kisha akasikia sauti ya kaka yake kutoka chini, ndogo, kama ya mtoto.

"Inaachia," Spana alikuwa anasema. "Inaachia."

Pamba alitaka kumwita, sauti haikuja. Alipapasa hewani mpaka vidole vikagusa bati la baridi, akapapasa tena mezani, akaipata tupa. Sauti aliyoiogopa kuliko zote, sasa ilibidi aitoe yeye. Akaikokota tupa. Bila umeme mlio ulikuwa mwembamba, mbaya, lakini ulikuwepo. Akaikokota tena, bila kupumzika, na ndipo koo likafunguka.

"Inashika, kaka!" alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kumpigia kelele hata kuku. "Inashika! Inashika!"

Msusi alielewa. Akaanza kugonga sanduku la ngoma kwa viganja. Watu waliobaki hawakujua kama ni onyesho au ni msiba. Wachache wakaanza kukanyaga sakafu ya mbao kwa miguu, kwanza ovyo, halafu pamoja. Sauti ya Pamba ilipasuka, ikawa ya kukwaruza, akaendelea nayo hivyo hivyo. Mwangalizi aliporudisha umeme, akidhani watu wanapigana, alimkuta Spana amekaa chini ya meza, uso kama majivu, mkono wake umeshika kifundo cha mguu wa mdogo wake.

Hakuna aliyepiga makofi. Walifunga vitu vyao wakaondoka.

Kesho yake mama alimpeleka Spana hospitali, kwa daktari ambaye kazi yake ni kusikiliza. Alikwenda akinung'unika, lakini alikwenda, na wiki iliyofuata akarudi tena bila kusukumwa. Kazi ya lifti aliiacha. Fundi makochi akampa ya kuchomelea fremu.

Bendi haikurudi ilikotoka. Wasikilizaji wengi waliwahama. Wakaja wengine, wachache, ambao Msusi alisema wamezaliwa na masikio ya shaba. Kelele ilibaki kwa sababu sasa wote watatu waliitaka, na Pamba alikuwa amegundua koo lake lina mlango mwingine. Hofu haikumwisha. Kila Spana anapoinua tupa, bado anarudi nyuma hatua moja.

Kilichobaki ni mwisho wa nyimbo. Spana alikataza waya kuchomolewa na mtu tena. Alisema atapunguza mwenyewe. Walijaribu mazoezi mengi wakashindwa. Kisha siku moja akakizungusha kitufe cha sauti polepole, sauti ikashuka, ikawa uzi, ikakatika. Stoo ikawa kimya. Spana alilaza mikono juu ya meza, akaitazama feni, asiiwashe.

Msusi alifungua kinywa atanie. Pamba akamkanyaga mguu.