Mlinzi wa Mapacha

Asubuhi ya arobaini ya marehemu Iliasi, mjane wake Subira alifika kwenye redio ndogo ya Kasongo akiwa na haja moja tu: kuisikia sauti ya mumewe. Sauti hiyo haikuwa mahali pengine popote ila ndani ya kompyuta mbili ambazo Iliasi mwenyewe aliziita mapacha.

Mapacha hao walifanya kazi moja kwa pamoja. Mmoja akifa katikati ya neno, mwenzake alilimalizia neno lile lile, na msikilizaji wa Nyangwe, kwao Iliasi kando ya mto, asijue kuna msiba. Lakini jana betri za sola zilibadilishwa, wote wawili wakalala kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Na wakilala wote, hawafungui hata faili moja mpaka mlinzi aamshwe kwanza. Mlinzi ni programu aliyoiweka Iliasi baada ya virusi kula vipindi vyao vya mwanzo, nayo huamka kwa msemo mmoja. Ukikosea mara tatu inafuta ufunguo, na kilichofungwa kimefungwa milele.

Marcelline, fundi aliyerithi kiti cha Iliasi, alikuwa amekwisha kukosea mara mbili.

Na msemo aliujua! Iliasi alimwambia kwa mdomo, siku alipopakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali. Aliuandika kwa nafasi, akauandika bila nafasi. Wapi! Mzee angekuwepo angemcheka. Enzi zile, kila Marcelline alipomsahihishia matangazo kwa kalamu nyekundu, kama alivyofundishwa shuleni kwa masista, Iliasi alitikisa kichwa: "Wee binti ya mamasere, unaandikaka kama kitabu. Kitabu haina mudomo." Zilikuwa siku tamu, jamani, na hakujua kwamba zina mwisho.

"Mama Subira," Marcelline alisema, akiondoa vidole kwenye kibodi, "nikikosea tena, tunamupoteza kabisa."

"Alikuachia neno gani?"

"Mtoto wa Nyangwe haogopi maji."

Subira akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Iliasi yangu? Hivyo hakusemaka hata siku moja! Alikuwa anasema: mutoto ya Nyangwe haogope mayi."

Marcelline akayarudia maneno: Mutoto. Mayi. Kumbe alimsahihisha mzee hata moyoni mwake, akiwa anamuaga! Aliandika polepole, kama masikio yake yalivyosikia siku ile.

Mlinzi akaamka. Akaamka pacha wa kwanza, kisha wa pili.

Marcelline alifungua kipindi cha siku yake ya kwanza kazini. Iliasi alisoma habari za soko kwa Kiswahili kilichonyooka, akakohoa, kisha akasahau kwamba bado anarekodiwa: "Marcelline, funga mulango, upepo inaingia."

Subira alijifunika uso kwa kitenge. Marcelline akainuka, akaenda, akaufunga mlango.