Rupia Mbili ya Sonara Djibril

Djibril alikuwa mwana wa Hamissi, Hamissi alikuwa mwana wa Atumani, na Atumani ndiye aliyetoka Ujiji na mvukuto begani akaja Usumbura, siku ambazo mji ulikuwa bado boma la Wajerumani na vibanda vichache kando ya ziwa. Wote watatu walikuwa masonara. Katika mtaa wa Buyenzi wanawake waliwaachia bangili zao za harusi bila karatasi wala shahidi, na shehe alipotaka kujua kama fedha ya mahari ilikuwa safi, aliwapelekea wao. Hakuna kinywa kilichowahi kusema kwamba mtu alitoka katika duka lile na kitu cha bandia. Heshima hiyo Djibril aliirithi pamoja na fuawe, nyundo saba na mizani ya shaba, na kwa miaka hamsini na miwili aliilinda kama mtu anavyolinda udhu wake asubuhi ya baridi.

Alirithi pia sarafu moja. Atumani alikuwa ameyeyusha rupia za Kijerumani zisizo na idadi, akazigeuza vikuku na herini, lakini moja hakuitia motoni: rupia mbili ya mwaka 1894, pana na nzito, upande mmoja Kaisari na kofia yake ya vita, upande wa pili simba na mnazi. Ulikuwa ujira wake wa kwanza katika mji huu, kutoka kwa ofisa aliyetengenezewa mpini wa upanga. Ilikaa ndani ya kitambaa karibu miaka mia, ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria.

Mwezi wa Julai 2003, bomu lililorushwa na waasi kutoka milimani lilianguka uani kwa Djibril. Watu walisalimika, lakini paa la karakana liling'oka lote na ukuta mmoja ukalala. Tangu hapo Djibril alifanya kazi chini ya turubai, na masika yalipoanza, moto haukuwaka. Wateja walikuja, wakatazama juu, wakapeleka bangili zao mjini. Duka lililosimama vizazi vitatu lilikuwa linakufa mbele ya macho yake, naye alikuwa na miaka sabini na mitatu.

Aliyesema neno alikuwa Mwantum, binti wa mwanawe Chabani, msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyelelewa na babu yake tangu vita vilipompeleka baba yake Kigoma. Alikuwa amemaliza shule ya sekondari kule Ngagara, na tangu utotoni aliweza kutambua fedha safi kwa kuisikia tu ikigonga jiwe. Mara mbili alikuwa ameomba afundishwe kazi. Mara mbili Djibril alijibu kwamba moto wa sonara si wa wasichana.

"Babu, kuna watu duniani wanaokusanya sarafu kama ile yetu," alisema. "Wana soko lao katika intaneti. Ikiuzwa, paa linarudi."

"Soko lisilo na mahali?" Djibril aliuliza. "Na huyo mnunuzi atanunuaje kitu ambacho hajakishika?"

Mkewe, Bi Mwavita, alikuwa akichambua mchele mlangoni. "Baba Chabani," alisema bila kuinua kichwa, "mimi uliniposa hujaniona hata ukucha, na mahari ulitoa."

Mwantum aliipeleka sarafu kwa Elysée, Mkongomani wa Bukavu mwenye duka la intaneti karibu na soko kuu. Wakaipiga picha kwa mashine, pande zote mbili, ikiwa na weusi wake. Elysée aliitazama katika kioo cha kompyuta akapiga mluzi. "Ii kitu yenu iko na sura ya shetani, lakini bazungu banapenda ivyo."

Walipenda kweli. Baada ya siku kumi, mtu wa Ulaya aliyejiita Bwana Gérard alitaja bei ambayo ingeweza kuezeka karakana na kujenga ukuta. Utaratibu wa soko hilo ulikuwa mwepesi: ofisi ya soko hushika pesa za mnunuzi, na humpa muuzaji pale tu mnunuzi anapokiri kuwa amepokea mali iliyo sawa.

Asubuhi ya kuituma, Djibril aliswali alfajiri, akaketi kwenye fuawe yake. Katika maisha yake yote kitu hakikuwahi kutoka katika duka lile kikiwa kichafu. Hata kipini cha pua cha maskini kilitoka kikimeta. Alichukua majivu laini, ndimu na kitambaa cha pamba, akaisugua rupia ya babu yake kwa upole na kwa ufundi wote aliokuwa nao, hata simba akang'aa kama aliyezaliwa jana. Akaiweka kiganjani mwa mjukuu wake.

"Sasa inafaa kuonekana na watu," alisema.

Mwantum aliisogeza kwenye mwanga. Aliigeuza mara moja, akaigeuza tena, na machozi yakamlenga.

"Babu, wakusanyaji wanautaka ule weusi. Ndiyo ngozi ya sarafu. Ikishasuguliwa hairudi, na thamani yake hupungua."

"Thamani ya uchafu?"

"Ndivyo walivyo, babu. Nilisoma. Nami sikukwambia, maana sikudhani..."

"Kaisari mzima umemsugua kama sufuria ya pilau," alisema Bi Mwavita.

Djibril alikunja kitambaa chake cha pamba. Hakuwahi kuharibu mali ya mtu, na sasa alikuwa ameharibu ya babu yake mwenyewe, kwa mkono uleule uliosifiwa Buyenzi nzima. Hatimaye alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuipenda, "Mnunuzi yuko mbali. Huenda hatajali. Itume tu."

"Hapana, babu."

Hakuna mtoto aliyekuwa amemwambia Djibril neno hilo ndani ya karakana ile. Mwantum hakuondoa macho yake usoni pa mzee.

"Wewe ndiye uliyetufundisha. Bangili ikipata ufa mkononi mwetu, mwenyewe huambiwa kabla hajaivaa. Huyu naye aambiwe kabla hajaipokea. Akiikataa, basi."

"Na paa?"

"Tutakaa chini ya turubai."

Djibril alimtazama msichana huyo kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kisha akasimama, akavaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, akafuatana naye hadi mjini.

Elysée aliposikia walichokusudia alishika kichwa. "Apana, muzee! We Mwantum, uko na akili kweli? Utajishitaki we mwenyewe kwa muzungu? Atapunguza bei! Mi nakwambia, nyamaza, tuma, kula feza yako!"

"Kazi yako ni mashine, Bwana Elysée," alisema Djibril. "Washa mashine."

Wakaipiga picha mpya sarafu iliyong'aa. Mwantum akaandika kwa Kifaransa, kupitia anwani ya soko lenyewe, kwamba sarafu imesafishwa baada ya picha za kwanza kuchukuliwa, kwamba imepoteza weusi wake, kwamba picha yake ya leo ndiyo hii, na kwamba mnunuzi yu huru kupunguza bei au kuvunja biashara. Alipomsomea babu yake, mzee aliinua kidole.

"Umeandika 'imesafishwa', kana kwamba ilijisafisha. Andika jina. Andika: imesuguliwa na Djibril bin Hamissi, sonara, kwa mkono wake mwenyewe."

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri, mstari mmoja tu: *Sawa, bei ileile, tumeni upesi.* Elysée alishangaa. "Uyu ni mutu wa Mungu!" Mwantum na babu yake wakaenda posta, wakaituma kwa rejista, wakarudi Buyenzi kwa miguu kwa furaha, ingawa milio ya bunduki ilikuwa ikisikika upande wa Kamenge.

Wiki tatu zilipita. Kisha ukaja ujumbe kutoka ofisi ya soko. Bwana Gérard alishtaki kwamba alichopokea si fedha bali madini duni yaliyopakwa rangi. Kwamba anawarudishia sarafu ileile waliyomtumia. Kwamba anataka pesa zake zote, na matapeli hao waondolewe sokoni. Ofisi iliwapa siku kumi na nne za kujitetea.

Djibril alisomewa ujumbe huo mara mbili. Hakula siku ile. Maneno husafiri haraka Buyenzi, na kabla ya Ijumaa mtu mmoja msikitini alimwuliza, kwa upole uliouma kuliko tusi, kama ni kweli Wazungu wamemrudishia mali. Usiku na mchana alihesabu majina: Atumani, Hamissi, na yeye. Kwake yeye ndiko neno "bandia" lilikoingilia.

Kifurushi kilipofika posta, siku nne kabla ya muda kwisha, Djibril alikataa kukipeleka nyumbani. "Kifunguliwe hapa, mbele ya karani wa serikali." Karani akakata kamba. Mzee akaipokea sarafu, na kabla ya kuitazama alikwisha kujua, maana kiganja chake kilikuwa na miaka hamsini na miwili ya mizani. Akaiangusha juu ya meza ya karani. Ililia kama kifungo cha koti.

"Risasi na bati," alisema. "Huyu mtu amekula fedha ya babu yangu, akanitapikia hii." Akaketi kwenye benchi la wateja. "Nani atatuamini? Yeye yuko huko kwao pamoja na wenye soko. Sisi ni watu wa Buyenzi."

Mwantum alikuwa ameiokota sarafu, akiigeuza taratibu chini ya taa.

"Babu," alisema, "ni nyeusi."

"Ninaona."

"Yetu ilikuwa nyeusi mara ya mwisho lini?"

Djibril aliinua kichwa.

"Aliitengeneza akiangalia picha ya kwanza," Mwantum aliendelea, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka mbio. "Aliitengeneza kabla yetu haijafika, ifanane na ile iliyotangazwa sokoni, maana alijua ofisi itaangalia picha ile. Barua yetu hakuisoma, babu, ndiyo maana hata yetu ilipofika ikimeta alidhani ofisi ina picha ile nyeusi tu. Aliona ni maneno marefu ya watu maskini, akajibu 'sawa' ili tutume upesi. Sasa anaapa kwamba anarudisha ileile tuliyomtumia, na tuliyomtumia ilikuwa inang'aa kama kioo!"

Karani, ambaye hakuulizwa, alipiga meza kwa ngumi. "Nami naandika kwamba kimefunguliwa mbele yangu! Na muhuri napiga!"

Wakaenda kwa Elysée karibu wanakimbia, mzee wa miaka sabini na mitatu akiwa mbele. Elysée aliposikia, alicheka hadi akaegemea ukuta. "Uyu mwizi ni muvivu! Kusoma tu kumemushinda! Na mi nilisema usiandike... Muzee, nipige kofi, mi mujinga." Akaipiga picha ile sarafu ya bandia bila kuwatoza hata faranga. Mwantum akapanga picha tatu pamoja: sarafu nyeusi ya mwanzo, sarafu iliyong'aa, yenye tarehe ya barua yao, na risasi nyeusi iliyorudi. Chini yake akaweka jibu la Bwana Gérard na ushahidi wa karani. Hakuongeza matusi wala kilio. Aliuliza swali moja tu: sarafu iliyosuguliwa na sonara ilipataje weusi wa miaka mia katika wiki tatu?

Siku ya kumi na moja baada ya kutuma utetezi huo, ofisi ya soko ilijibu. Pesa zote zilikuwa za muuzaji. Mnunuzi aliondolewa, kwa kuwa wauzaji wengine wawili, wa nchi nyingine, walikuwa wamelalamika vivyo hivyo bila kuwa na la kuonyesha. Sarafu yenyewe haikupatikana tena. Djibril alipoambiwa hivyo alisema tu kwamba Atumani angeelewa, kisha akaenda uani akakaa peke yake kidogo.

Mabati mapya yalipigiliwa mwezi wa Juni. Siku ya kuwasha moto tena, majirani walialikwa, na vijana wa mtaa walijaa mlangoni na soda zao, wakichekeana kuhusu mzee aliyemwogesha Kaisari kwa ndimu. Djibril aliwasikia. Aliivuta mbele ya fuawe stuli ya Atumani, ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuikalia, akamketisha Mwantum juu yake, akamkabidhi nyundo ndogo kuliko zote. Bi Mwavita alipiga kigelegele. Kisha mzee akawageukia vijana, na kicheko kikakatika.

"Sarafu ile niliiharibu mimi," alisema. "Kwa mkono huu. Nikataka tunyamaze, ndiyo, mimi, Djibril bin Hamissi, nilitaka tunyamaze. Msichana huyu akanikatalia usoni, akaandika kosa langu kwa mtu tusiyemjua, akiwa tayari kukosa paa. Angelinyamaza, leo mngekuwa mnasema ukoo wa Atumani unauza risasi, na mngekuwa mnasema kweli kwa kadiri ambavyo mtu yeyote angeweza kuthibitisha. Basi wekeni soda chini. Zimeni simu zenu. Wewe wa nyuma pale, vua kofia. Mwantum, toa nakala ya ile barua tuliyomwandikia mnunuzi, uwasomee tangu neno la kwanza; nanyi sikilizeni, na atakayecheka tena ataisoma yeye, kwa sauti, akiwa amesimama."