Herufi Mlangoni kwa Bi Ancha

Osvaldo, mkuu wa wapulizaji, alimnyooshea Zuleica kidole. "Piga R. Recusou. Twende zetu."

Herufi hiyo ilikuwa ya nyumba iliyokataa dawa ya mbu. Zuleica alishika chaki, asiandike.

"Hajakataa, chefe. Anakaa eda."

"Amekataa kutoka. Dawa haipulizwi mtu akiwa ndani. Tofauti iko wapi?"

Sauti ya Bi Ancha ikatoka nyuma ya mlango. "Mwanangu, mume wangu hata kaburi halijakauka. Nikakae nje masaa mawili, natazamwa na wanaume sita? Lakini dawa naitaka, wallahi! Mjukuu wangu malaria imemlaza mara mbili masika haya. Juzi kaongezewa damu. Ya tatu hataiweza."

"Umesikia?" Zuleica alifoka. "Kwa mwenyekiti mlingoja wageni wamalize chai. Huyu je? Hana chai ya kuwapa?"

Wapulizaji wakacheka. Osvaldo hakucheka. "Basi puliza wewe, bingwa! Pampu ikikuvunja kiuno usinililie."

Ndilo neno walilomwambia siku ya kwanza, alipotoka mafunzo ya kupuliza pamoja nao, wakampa chaki tu. Sasa aliitupa chini. Akamvua mpulizaji Cassamo pampu mgongoni, akaivaa yeye.

"Nyie wanaume, pindeni kona, mkae hukohuko! Da Nazira, njooni na kanga!"

Jirani Nazira akaja na wenzake. Wakatandaza kanga kama kuta, wakampitisha mjane na mtoto hadi kwa Nazira, palipopulizwa jana yake. Kisha wakatoa magodoro na masufuria.

Pampu ilikuwa nzito kweli. Mikanda ilimkata mabega. Zuleica akapuliza ukuta baada ya ukuta, juu hadi chini, kama anayemchapa mtu. Honi ya gari la wapulizaji ikalia, ikalia tena, ikanyamaza.

Alipotoka, gari lilikwisha kwenda. Mlangoni Osvaldo alikuwa ameacha R kubwa.

"Wametuandikia nini, mwanangu?" Bi Ancha aliuliza kutoka dirishani kwa Nazira.

"Uongo, bibi."

Akatema mate kiganjani, akaifuta mpaka ngozi ikawaka. Alipoinua macho aliona R nyingine mtaa mzima, kwenye nyumba zinazofanana za matofali za kijiji cha Quitunda. Nani aliwauliza wenye nyumba hizo sababu? Akatikisa pampu. Dawa bado ilikuwemo. Akavuka, akagonga.

"Hodi! Humu mlikataa nini hasa?"